Turbo ni ya Kupanda, si ya Kushuka

(Maneno ya shofere mzee wa mutualite mbele ya mkutano wa wanamemba, hapa Baraka. Katibu ameyaandika kama yalivyosemwa, amepunguza tu marudio.)



Komite iliniomba niseme kidogo juu ya gari mpya, namna ya kuiendesha ikiwa na mzigo. Nilikubali kwa sharti moja: nikifika kwenye habari ya ile ajali, mutu asinikate. Mutaona kwa nini.

Kwanza tupatane juu ya maneno, maana sisi tuliorudi tuko na maneno ya pande mbili. Kuendesha nilijifunza Kigoma, wakati tuko kambini Lugufu. Huko wanasema breki, gia, klachi, na unashika kushoto. Nikavuka ziwa mwaka 2006, nikarudi kwenye frene, vitesi, ambreyaji, na kushika kulia. Konvoyere wangu wa kwanza hapa alikuwa kijana aliyekulia kambini. Siku moja tuko kwenye kilima, namwambia, "Tia kale! Tia kale!" Yeye ananiangalia tu. Kale ya wapi? Kale ya mababu? Gari ikarudi nyuma mpaka ikagusa mgomba wa watu, na mgomba tukaulipa. Basi wote mujue: kale ni kile kipande cha mti cha kuzuia gurudumu. Leo nitachanganya maneno. Atakayepotea anyooshe mkono.

Wengi munakumbuka ile Land Cruiser nyeupe niliyoendesha miaka saba kwa shirika moja la msaada. HZJ. Motere yake wanaiita 1HZ: silinda 6, lita 4.2, ya mazutu, haina turbo. Hizo lita ni ukubwa wa kifua cha motere, yaani nafasi yote ambayo pistoni zinapita zikipanda na kushuka. Ile gari ilikuwa na kifua kikubwa na haraka ndogo. Unaiweka vitesi ya tatu, inanung'unika, inapanda polepole kama ng'ombe, lakini inapanda. Ukikosea vitesi inakusamehe. Mimi na wenzangu wengi wa rika langu tulilelewa na gari ya namna hiyo, na ndiyo maana tulijiona mabingwa.

Gari yetu mpya iko na silinda 4, lita 3, na turbo. Nimesikia watu wakisema kwamba turbo ni gari yenye mbio. Hapana. Turbo ni pampu ya hewa. Moshi unaotoka kwenye motere uko na moto na kasi. Kwenye gari ya zamani unapita kwenye bomba na kupotea bure. Kwenye turbo, moshi huo unageuza gurudumu dogo, unaweza kulifunika kwa kiganja. Gurudumu hilo limeungwa kwa chuma kimoja na gurudumu la pili, na hilo la pili linasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mazutu mengi yanaweza kuungua, na nguvu inaongezeka. Likiwa kazini, gurudumu hilo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Kwa hiyo motere ya lita 3 inapata nguvu kama ile ya lita 4.2, hata kuizidi. Kwenye kupanda. Hilo neno "kwenye kupanda" mulishike, nitalirudia.

Sasa vijana, kupanda kwenyewe. Turbo inataka motere izunguke. Chini ya mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, moshi ni mdogo, lile gurudumu linasinzia, na motere yako inabaki na lita 3 zake tu, na mgongoni iko na tani. Hapo kijana anafanya nini? Anakanyaga zaidi. Mazutu yanaingia, hewa hakuna, unaona moshi mweusi nyuma kama wa tanuru la matofali, na gari haiongezi kitu. Ule moshi mweusi ni pesa ya mutualite inaruka juu. Tena ni moto: motere inayobanwa hivyo, vitesi kubwa na mizunguko midogo, inachemka ndani kabla saa ya joto haijakuonyesha.

Kwa gari tupu hutaona jambo hili. Gari tupu inasamehe wote. Ndiyo maana kijana anaweza kuendesha turbo mwaka mzima mjini, na siku ya kwanza yenye magunia akawa kama hajawahi kushika usukani.

Ikiwa na mzigo, weka mizunguko kati ya 1,800 na 2,800 hivi. Kama saa ya mizunguko imekufa, sikiliza. Motere inayofanya kazi vizuri inaimba sauti moja. Ikianza kugonga-gonga na usukani kutetemeka, umechelewa, ulipaswa kushuka vitesi mita hamsini nyuma. Na hapa ndipo turbo ni tofauti kabisa na ile nyeupe yangu: ukikanyaga ambreyaji kubadilisha vitesi katikati ya kilima, moshi unapungua, turbo inapoteza pumzi, na inataka muda kidogo kuipata tena. Muda huo mdogo, kwa tani mbili kwenye mwinuko, ndio unasimamisha gari. Kwa hiyo vitesi inachaguliwa chini, kabla ya kilima. Unakiangalia kilima kama unavyomwangalia mtu anayekuja kukudai.

Na kama kilima ni kikali kweli, au ni matope, simama chini. Simama kabisa. Krabota magurudumu ya mbele, vuta ile levye fupi kwenye 4L, anza na ya kwanza au ya pili, panda bila kubadilisha. Kuna aibu fulani vijana wanaiona kwenye 4L, eti ni ya mashofere wasiojua. Mimi sijaelewa aibu hiyo inatoka wapi. Aibu ni kuvuta 4L wakati umekwisha kukwama na magurudumu yamekwisha kuchimba kaburi lao. Jambo moja tu: kwenye barabara kavu na ngumu, krabo itolewe, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawa kwenye kona, na vyuma vinashindana mpaka kitu kivunjike.

Ukisimama katikati ya kilima na mzigo, usishikilie gari kwa ambreyaji. Utasikia harufu kama ya kucha inayoungua. Frene ya mkono, konvoyere ashuke, atie kale (sasa munaijua), weka 4L ya kwanza, halafu uondoke taratibu.

Mukifika juu, watu wote wanashuka na kelele, huyu anatafuta kuku wake, yule anaita mtoto, na shofere anazima gari mara moja ili naye aende kunywa chai. Musizime. Iacheni iunguruma polepole dakika moja, mbili ikiwa kilima kilikuwa kirefu. Lile gurudumu dogo linakaa juu ya mafuta ya motere, na liko na moto mkali sana. Ukizima ghafla, mafuta yanasimama pale pale yanakaangika, yanakuwa mkaa, na safari baada ya safari turbo inakufa. Bei ya turbo mpya sitaitaja hapa, mweka hazina wetu ni mgonjwa wa presha.

Sasa kushuka.

Mwalimu wangu wa Kigoma alinifundisha sheria moja, na mashofere wazee wote wanaijua: vitesi uliyopanda nayo, shuka nayo. Ukipanda na ya tatu, shuka na ya tatu. Ukipanda na ya pili, shuka na ya pili. Kwa ile HZJ sheria hiyo haikuniangusha hata siku moja kwa miaka saba. Nimeshuka nayo Ngomo kwenye barabara ya Bukavu wakati wa mvua, na waliopita Ngomo wanajua ninasema nini. Unaachia mazutu, motere inaishika gari yenyewe, frene unaigusa mara moja moja tu.

Baadaye kazi ya shirika ikaisha, nikachukuliwa na mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na pickup ya turbo, lita 3, sawa na hii yetu. Nilifurahi sana. Vilima ambavyo HZJ ilipanda na ya pili, hii ilipanda na ya tatu na kupiga mluzi. Nilisema, bwana, hii ni gari.

Siku ya ajali tulitoka Fizi juu asubuhi, siku ya soko, kuja hapa Baraka. Nitawapa hesabu ya mzigo kama ilivyokuwa, kwa sababu wakati ule niliificha. Magunia 9 ya muhogo mkavu, yale ya kichwa, yanayoitwa lumbesa upande wa Tanzania. Mtu anasema ni kilo 100, ukiweka kwenye mizani ni 110 au zaidi. Hiyo ni tani moja. Vidumu 20 vya mawese, lita 20 kila kimoja, kilo 18 hivi kimoja: kilo 360. Juu ya mzigo watu 11, mbele tuko 3. Watu 14 si chini ya kilo 800. Jumla zaidi ya tani mbili, kwenye pickup ambayo kazi yake ni tani moja hivi.

Kabla ya mteremko mkubwa kuna sehemu inayopanda kidogo. Nilipanda na ya tatu bila shida, turbo inaimba. Na nikafuata sheria ya mwalimu wangu: nikashuka na ya tatu.

Gari haikushikwa. Niliachia mazutu, na badala ya kupunguza ikaongeza. Nikagusa frene, ikapunguza. Nikaachia, ikaongeza. Nikagusa tena. Baada ya muda sikuwa naachia, nilikuwa nimekaa juu ya frene mguu wote, polepole, bila kukoma. Hilo ndilo kosa la pili, maana frene inayokandamizwa kidogo bila kupumzika ndiyo inayopata moto kuliko zote. Nikasikia harufu. Mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Shofere, ni nini inaungua?" Nikamwambia ni majani ya watu wanaolima. Nilimwambia hivyo. Nilijua si majani.

Kisha pedali ikawa laini, ikashuka mpaka chini kama naikanyaga ndani ya maji. Nikafanya kosa la tatu: nikataka kutoa ya tatu niweke ya pili. Ya tatu ikatoka, ya pili ikakataa kwa sababu ya mbio. Sasa gari haiko kwenye vitesi yoyote, haina frene, na ziwa linaonekana kule chini. Nikaipeleka kwenye ukuta wa mlima. Ilikwaruza, ikapanda upande mmoja, ikasimama imelala. Hakuna aliyekufa. Lakini magunia yaliwaangukia waliokaa kando, na mama yetu mmoja alivunjika mguu, huu wa kulia, na munamwona mpaka leo anatembea na fimbo. Nilikwenda kwake wiki iliyopita kumwomba ruhusa ya kusema hapa. Alinijibu, "Sema yote, na usipunguze magunia."

Sasa yote ni haya. Baada ya ajali niliulizwa: imekuwaje? Nikasema, "Frene zimekatika." Na fundi wa garaji alikuwa amebadilisha plaketi za frene za gari ile wiki mbili kabla. Mwenye gari akasema basi ni fundi. Soko lote likasema ni fundi. Hakulipwa kazi yake, watu wakaacha kumpelekea magari, akafunga, akaenda Uvira kutafuta maisha, miaka miwili.

Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajafika kuivuta gari ile, nilipanda ndani peke yangu. Nikakanyaga pedali. Ngumu. Nzima. Hakuna bomba lililokatika, hakuna mafuta yaliyomwagika. Frene zilikuwa zimechemka tu, mafuta yake yakageuka mvuke, na usiku yakapoa yakarudi kama kawaida. Nilijua siku ile kwamba fundi hana kosa. Nikanyamaza.

Fundi yule yuko hapa leo, ameketi karibu na dirisha. Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kwake na mzee wetu mmoja, tukazungumza, na ya nyumbani yatabaki nyumbani. Lakini jina lake lilichafuliwa sokoni mbele ya watu wote, siyo nyumbani. Kwa hiyo ninasema mbele ya watu wote: kazi yake ilikuwa nzuri. Mimi ndiye niliyezikaanga frene. Na kama komite inatafuta mtu wa kuangalia gari hii, mimi ningempa yeye.

(Hapa watu walipiga makofi kidogo, na shofere akanywa maji. Katibu.)

Asanteni. Niendelee, kwa sababu sijaeleza bado kwa nini sheria ya mwalimu wangu ilinidanganya.

Ukipanda, turbo inaongeza hewa, na motere ndogo inafanya kazi ya motere kubwa. Ukishuka na kuachia mazutu, moshi haupo, turbo inalala. Kinachoishika gari hapo ni kifua chenyewe, zile pistoni zinazosukuma hewa na kusuguana. Kwenye HZJ ni silinda 6 na lita 4.2. Kwenye hii ni silinda 4 na lita 3. Turbo inapanda kama motere kubwa, inashuka kama motere ndogo. Nilipopanda na ya tatu, nguvu iliyonipandisha haikuwa yangu ya kushuka nayo.

Basi sheria yetu ibadilike: kwa turbo yenye mzigo, vitesi uliyopanda nayo, shuka na iliyo chini yake, na kama una shaka, shuka nyingine tena. Kwa mteremko mkali, 4L na ya pili. Mutakwenda polepole mpaka watoto wa njiani watawapita wakicheka. Waache wacheke.

Vitesi hiyo iwekwe juu, mahali pa tambarare, kabla ya pua ya gari haijainama. Mteremko ukikwisha kuanza, usiitoe. Usijaribu kubadilisha. Kama gari inasukumwa na mzigo na mizunguko inapanda karibu na alama nyekundu, kanyaga frene kwa nguvu, muda mfupi, mpaka mizunguko ishuke, halafu uachie kabisa ipumue. Kwa nguvu na kuachia. Siyo kupapasa-papasa kama nilivyofanya mimi. Ukisikia harufu, au pedali ikianza kurefuka, simama wakati bado unaweza kusimama. Kale magurudumu mawili, watu washuke, mungoje nusu saa. Konvoyere asimwagie maji kwenye frene zenye moto, chuma kinapasuka. Na akiuliza mtu ni nini inaungua, mwambie ni frene.

Kuna tabia nyingine ambayo munaijua, kutoa vitesi kabisa kwenye mteremko ili kuokoa mazutu, ile ya ru libre. Wengine wanazima hata motere. Ndugu zangu, ukizima motere, ile pampu inayoisaidia frene inasimama, na baada ya kukanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa jiwe, na usukani nao unakuwa mzito. Na hakuna unachookoa. Ukishuka kwenye vitesi bila kukanyaga, pompe ya mazutu haitoi kitu, magurudumu ndiyo yanaigeuza motere. Ukitoa vitesi, motere inabidi inywe ili isizimike. Kwa hiyo yule wa ru libre ananunua hatari kwa pesa yake.

Lakini sitawalaumu vijana peke yao. Hapa ninawageukia ndugu wa komite, na mutanisamehe. Mwaka jana, kwa ile gari ya kukodi, komite ilitoa zawadi kwa shofere aliyerudisha mazutu mengi mwisho wa mwezi. Mulitaka kuhifadhi mali ya wanamemba, ninaelewa. Lakini zawadi ile ilikuwa inamwambia shofere: toa vitesi, zima motere, usitumie 4L, usiache iungurume dakika mbili. Baadhi ya niliyofundisha leo yanakula mazutu kidogo. Zawadi ile ife.

Pili, mzigo. Shofere hapakii gari. Gari inapakiwa na mashemeji. Kila mwanamemba ana gunia moja tu la mwisho, na kila mmoja amechanga. "Shofere, bado kuna nafasi pale." Nafasi ya macho ipo, ya frene haipo. Nimekaa kwenye usukani nikiona magunia yanaongezwa na mtu ambaye ndiye anayenisainia mshahara. Nitamwambia nini? Kwa hiyo ninaomba iandikwe kwenye kitabu cha mutualite na iandikwe kwa rangi kwenye ubavu wa gari: magunia 5, watu 6 nyuma, basi. Au magunia 8 na konvoyere peke yake. Mgonjwa akiwapo, mzigo wote ushuke. Ikiwa imeandikwa kwenye ubavu, shofere hatakuwa anabishana na shemeji, atakuwa anasoma tu.

Na namna ya kupanga. Vizito viwe chini na viwe mbele, karibu na kabini. Musirundike nyuma ya magurudumu ya nyuma, kwa sababu pua inainuka na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Unageuza, gari inaendelea kwenda inakotaka. Vidumu vya mawese vifungwe pamoja kwa kamba, mafuta yakitembea na gari inatembea nayo. Magodoro na mabeseni yakae juu. Watu wasikae juu ya magunia kando kando. Mama yetu alikuwa kando.

Mambo madogo, haraka, maana naona sufuria zimeanza kunukia. Chujio la hewa litolewe na kupulizwa kila wiki wakati wa vumbi, kutoka ndani kwenda nje. Likiziba, moshi mweusi unarudi hata kama umeendesha vizuri. Mpira wa hewa ukitoboka kati ya chujio na turbo, vumbi linaingia na kulila lile gurudumu kama mchanga unavyokula jino, kwa hiyo musifunge na kitambaa mukasema itafika. Mafuta ya motere, yale ya dizeli ya turbo, kila kilomita 5,000, na yapimwe kila asubuhi gari ikiwa baridi. Mazutu ya vidumu njiani yako na maji; yaacheni yatulie, muchuje. Matairi yajazwe zaidi siku ya mzigo, na fundi atawaonyesha kiasi. Asubuhi ukiwasha, usikanyage mara moja kwa kelele ili mtaa ujue gari ya mutualite imeamka.

Vijana watatu mulioandikwa kujifunza: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, tukutane pale gari inapolala. Tutapakia mifuko ya mchanga, kwanza mitano, halafu minane, hakuna abiria. Tutakwenda mpaka mwanzo wa kupanda kuelekea Fizi, tutapanda kipande kifupi, tutageuza, tutashuka. Tutapanda na ya tatu na kushuka na ya pili mara nyingi mpaka muchoke kuniona. Fundi amekubali kuja, atakaa nyuma na mkono wake karibu na frene kuwaonyesha moto wa kila mteremko. Mje na viatu vya kufunga, si ndara. Na kila mmoja alete kale yake, ya mti mgumu, amechonga mwenyewe.